Nimepangiwa shule ileile walikonicheka, nirudije darasani?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, mwanafunzi wa shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiingereza na Kiswahili. Mwaka jana, nilipomaliza mwaka wa kwanza, nilikwenda kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi ya kufundisha, na ili nisilipe chumba nilijaza shule ya sekondari ya kata iliyo jirani na kwa shangazi yangu, mkoani Singida. Nilikwenda kwa furaha kubwa. Nilishona sketi mbili za heshima, nikatumia sehemu ya bumu langu, yaani fedha za mkopo wa chuo, kununua karatasi za manila na maka peni za rangi nne, na usiku wa kuamkia siku ya kuripoti niliandika andalio la somo mara tatu kwa sababu mwandiko wa kwanza na wa pili haukunipendeza.

Mwalimu wa Kiingereza niliyemkuta, ambaye alikuwa akifundisha peke yake kidato cha kwanza hadi cha tatu, alinipokea kwa kusema, "Afadhali umekuja, mwanangu, na mimi nipumue." Alinikabidhi vipindi 28 kwa wiki pamoja na kitabu kimoja cha kiada, na tangu siku hiyo hakuingia tena katika darasa nililokuwamo.

Kilichoniharibia kilitokea wiki ya tatu, kidato cha pili, darasa la wanafunzi 94 wanaokaa watatu watatu kwenye dawati. Nilikuwa nikiwasomea habari kwa sauti, nikafika kwenye neno "determine", nikalitamka "ditamaini". Kijana mmoja aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza alinyoosha mkono, akasimama kwa adabu kabisa, akasema kwa Kiingereza kuwa neno hilo hutamkwa "ditamini". Darasa lilinyamaza kidogo, kisha likaangua kicheko. Nilimwambia "Sit down," akakaa, nami nikaendelea kusoma huku sauti ikinitetemeka. Jioni, wasichana waliokuwa wakitoka kisimani walinisalimu, "Shikamoo, Madam Ditamaini."

Tangu siku ile nilifundisha kwa woga. Nilijaza ubao maandishi, wakanakili, kipindi kikaisha, na maswali niliyakwepa. Nikieleza jambo kwa Kiingereza walinikodolea macho. Nikieleza kwa Kiswahili mikono ilinyooka kila upande, basi nikazoea kueleza kwa Kiswahili. Mhadhiri alipokuja kunitathmini bila taarifa, alinikuta katikati ya maelezo hayo, akaandika kwenye fomu kuwa natumia Kiswahili kupita kiasi, nami nikaambulia C. Yule mwalimu mwenyeji aliniambia kuwa darasa linalocheka linahitaji fimbo, na siku moja alinipa yake. Nilimpiga kijana mmoja kiganjani, na usiku ule sikulala.

Sasa orodha ya vituo imetoka, na nimerudishwa shule ileile kuanzia Julai. Wenzangu wananishauri niandae somo moja la akiba, nilifundishe hadi wanafunzi walijue, kisha nilitoe tena siku mtathmini atakapokuja. Nyumbani nako sipati nguvu. Kaka yangu alihitimu ualimu mwaka 2019 na hadi leo anaendesha bodaboda. Akiniona naandika andalio husema kuwa najifunza kupanga foleni. Baba aliuza ng'ombe ili tusome, na sitaki kumwambia kuwa nafikiria kuacha ualimu nikaanze upya fani nyingine.

Naomba unijibu kwa uwazi, Mwalimu. Je, Kiingereza changu kinatosha kumfundisha mtoto wa mtu? Nitaingiaje mbele ya watoto wale? Na kazi yenyewe ipo?

Mwalimu Mtarajiwa,
Singida.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno, kwa sababu naona ndilo lililobeba barua yote.

Nililitamka "ditamaini" kwa miaka minne ya mwanzo ya kazi yangu, na sikuwa na bahati ya kuwa na kijana wa kunisahihisha mapema. Nilisahihishwa na mgeni, siku ya mahafali, wazazi wakiwa wamejaa chini ya turubai. Sababu ya kosa letu ni moja, nawe unayesomea Kiswahili unapaswa kuiona haraka kuliko mimi. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno, na tunasoma kilichoandikwa. Katika Kiingereza mkazo huhamahama, na unapohama hubadilisha sauti ya irabu. Ulishajua "fine", "mine", "line" na "shine", ukaona "determine" inaishia kwa herufi zilezile, ukafuata kanuni. Lakini katika "define" na "combine" mkazo uko mwishoni, ndiyo maana tunasikia "-aini", ilhali katika "determine", "examine", "imagine" na "medicine" mkazo umekaa nyuma zaidi, na mwisho wa neno mara nyingi unafifia kuwa "-in". Aliyekosea kwa namna hiyo alikuwa akifikiri. Alifikiri kwa kanuni ambayo neno lile haliifuati.

Kosa ninalokuhesabia liko katika yale maneno mawili uliyoyasema baada yake. Ulipomwambia kijana akae, darasa zima lilijifunza kuwa katika kipindi chako anayesahihisha hunyamazishwa, na anayekosea hufa na aibu yake. Baada ya hapo nani angethubutu kufungua mdomo kwa lugha ambayo haimudu? Uliona mikono haiinuki ukadhani ni kwa sababu hawaelewi. Wapo ambao hawakuelewa, ndiyo, lakini wapo pia waliokuwa wakijilinda kama wewe ulivyokuwa ukijilinda nyuma ya ubao. Siku nyingine mwanafunzi akikusahihisha, mshukuru kwa jina lake, mwambie alitamke tena, darasa lilitamke, kisha mfungue kamusi pamoja. Akiwa amekosea yeye, kamusi itasema, nawe hutakuwa na haja ya kushindana na mtoto.

Unauliza kama Kiingereza chako kinatosha. Kwa kukisoma chuoni, bado hakijatosha, na nikikuambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya. Changu pia hakikutosha katika umri huo. Kwa kufundisha kidato cha pili Jumanne saa mbili asubuhi, kinaweza kutosha kabisa, mradi uwe umekiandaa Jumatatu usiku. Habari utakayowasomea, isome kwa sauti mara mbili ukiwa peke yako, upigie mstari kila neno unalolitilia shaka, na ulisikilize kwenye kamusi ya simu yenye sauti. Mara nyingi hayazidi maneno 10. Kisha andika pembeni mwa andalio lako zile amri na maelekezo utakayoyatoa, kwa sentensi fupi unazoweza kuzirudia bila kuzibadilisha, kwa maana walimu wengi wachanga huwapoteza wanafunzi katika maelekezo kabla hata somo lenyewe halijaanza.

Sasa Kiswahili. Mtathmini wako hakuandika kuwa umetumia Kiswahili. Kwa maelezo yako aliandika "kupita kiasi", na hapo kwenye kiasi ndipo penye mjadala. Wengi wa watoto hao 94 walisoma shule za msingi za serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo moja kati ya mengine, kisha wakaingia kidato cha kwanza wakakuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza anayejifanya hajui kuwa wanafunzi wake wana lugha nyingine vichwani anajinyima zana aliyopewa bure. Lakini zana hupangiwa dakika zake. Wewe uliigeuza Kiswahili kuwa mahali pa kukimbilia, na hilo hata mimi ningelikata alama.

Chukua kosa ambalo bila shaka umelisikia kwao: "My mother, he is cooking." Ungeweza kulisahihisha mara 100 kwa Kiingereza na likarudi. Andika ubaoni "Mama anapika" na chini yake "Baba analima", uwaulize wakuonyeshe katika vitenzi hivyo alama ya mwanamke iko wapi na ya mwanamume iko wapi. Watatafuta. Watagundua kuwa wote wawili wana "a-" ileile, kwamba Kiswahili hakiwatengi. Hapo ndipo unapowaambia kuwa Kiingereza kinawatenga, na kwamba kila wanaposema "he" ni lazima kwanza wamwone akilini mtu wanayemsema. Hizo ni dakika mbili za Kiswahili, na zinazobaki 38 ni za Kiingereza. Ziandike katika andalio, kwenye hatua yake, pamoja na sababu yake, ili mtathmini akiingia wakati huo akute jambo lililopangwa. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi na fomu mkononi. Sijamkata alama mtu aliyenionyesha kuwa alijua ni kwa nini anafanya alichokuwa akifanya.

Tufanye hesabu kidogo. Kipindi kina dakika 40, nawe una wanafunzi 94. Hata ungenyamaza kimya kipindi chote ukawaachia wao wazungumze mmoja mmoja, kila mmoja angepata sekunde 25 hivi. Kwa hiyo wasizungumze mmoja mmoja. Wanakaa watatu kwenye dawati, jambo ambalo umeliandika kama shida, na kwa kweli ni shida, ila kwa somo lako hilo ni kundi lililokwisha kupangwa bila kuhamisha kitu. Wa kushoto aulize, wa kulia ajibu, wa katikati asikilize na baadaye aliambie darasa alichosikia, kisha wabadilishane nafasi. Zaidi ya watoto 30 watakuwa wakitamka Kiingereza kwa wakati mmoja na hakuna anayewasikia wote, hata wewe, kwa hiyo hakuna wa kumcheka. Kelele zitakuwapo, kwa hiyo mwombe radhi mapema mwalimu wa darasa jirani. Wewe pita katikati yao ukisikiliza, uandike makosa matatu yanayojirudia, uyafanyie kazi dakika tano za mwisho bila kutaja aliyeyasema. Karatasi zako za manila zitumie kwa jambo hili, maswali manne makubwa yanayosomeka kutoka dawati la mwisho, badala ya kuyachora maua pembezoni, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Kuhusu somo la akiba, wenzako wanakupeleka pabaya. Mtathmini mzoefu hulitambua kabla hujafuta ubao wa kipindi kilichopita. Niliwahi kukaa katika somo ambalo mwanachuo alianza kuuliza, "What is the…", na kabla hajafika kwenye nomino darasa zima likajibu kwa sauti moja, jibu sahihi kabisa. Nilicheka hadi fomu ikanidondoka. Yule kijana hakuwa mwalimu mbaya, lakini sikuwa na somo la kumpimia.

Fimbo nayo uirudishe kwa mwenyewe. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zimempa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mwanachuo wa mazoezi hayumo humo, na kutamka neno vibaya au kucheka si kosa la kumfikisha mtoto huko. Ukipewa tena, sema, "Nisamehe, Mwalimu, mimi sina kibali," nayo inatosha, haina ubishi wala dharau. Kijana uliyempiga, ukimkuta bado yupo shuleni, mwombe radhi mkiwa wawili. Najua wapo walimu watakaosema kuwa hilo litakushushia heshima. Mimi naona usiku ule usiolala ulikuwa umeshakupa jibu.

Mwalimu mwenyeji usimchukie. Mtu mmoja kwa vidato vitatu vya Kiingereza, na kila insha inahitaji kusahihishwa, amechoka kuliko unavyodhani, na akiona kijana mwenye nguvu anaona pumziko. Hata hivyo, vipindi 28 si vya mtu anayejifunza kazi, kwa sababu mwenye vipindi 28 hawezi kuandaa hata kimoja sawasawa. Kabla hujaondoka chuoni chukua mwongozo wa mazoezi ya kufundisha, usome kinachosemwa juu ya idadi ya vipindi na wajibu wa mwalimu mlezi, na siku ya kuripoti upite kwanza kwa mwalimu wa taaluma, wakati ratiba bado inaweza kuguswa. Usiende kama mlalamikaji. Mwambie kuwa ungependa mikondo michache uifundishe vizuri na kuisahihishia madaftari, kisha umwombe mwalimu mwenyeji akae nyuma ya darasa lako mara moja kwa wiki. Ukimwomba ushauri, na si msaada, atakuja.

Nimefika kwa kaka yako. Hasemi uongo. Kulikuwa na wakati mhitimu wa ualimu alisubiri tu jina lake litoke pamoja na kituo chake; wakati huo ulikwisha katikati ya miaka ya 2010, na waliofuata wamekuwa wengi kuliko nafasi. Siku hizi ajira za walimu serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji hufanyiwa usaili kama waombaji wa kada nyingine. Mwenye shahada akipata huanzia ngazi ya mshahara wa walimu iitwayo TGTS D. Akikosa hurudi kusubiri tangazo jingine. Sitakuahidi kuwa wewe utapata.

Ninachoweza kukueleza ni kwamba somo lako lina milango mingine ambayo masomo mengi ya kufundishia hayana. Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza hutafuta walimu wa somo hili, na nyingi hazitaridhika na cheti. Watakupa chaki na darasa, wakae nyuma, ufundishe wakikutazama. Anayetetemeka kama ulivyotetemeka wiki ya tatu hatapita, na aliyetumia mazoezi yake kujifunza kuliendesha darasa atapita hata kama ana C moja kwenye matokeo. Ukipata huko, omba mkataba wa maandishi na uhakikishe michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa, kwa sababu wapo wanaofanya kazi miaka mitano na kugundua kuwa hawana akiba hata ya mwezi mmoja. Arusha na Moshi wapo vijana wanaotaka kuongoza watalii na Kiingereza kinawakwamisha. Tena una Kiswahili, ambacho wageni wengi wanalipia kujifunza, na anayeweza kuwaeleza kwa Kiingereza kwa nini tunasema "anapika" bila kujali ni mama au baba ana kitu cha kuuza. Hakuna hata mmoja kati ya milango hiyo wenye uhakika wa mshahara wa serikali, na si vizuri umdanganye baba kwamba upo.

Kuhama fani sasa, ukiwa umebakiza mwaka mmoja, ni kutupa miaka miwili na kubaki na deni la mkopo, kwa ajili ya kitu ambacho hukukitaja hata jina katika barua yako. Ungekuwa umeniandikia kuwa unataka uuguzi au uhasibu tangu utotoni, tungezungumza tofauti. Malizia mazoezi ya Julai kwanza. Kama baada ya wiki sita za kufundisha bila kujificha bado tumbo linakuuma kila asubuhi ukikaribia geti la shule, niandikie, nami sitakushikilia.

Siku ya kwanza ingia na safu mbili ubaoni. Upande mmoja "fine", "shine", "define", "combine". Upande wa pili "examine", "imagine", "medicine", na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, "determine". Waambie kuwa Madam Ditamaini amerudi na leo anawaonyesha alipokosea. Watacheka, na safari hii watakuwa wanacheka nawe. Yule kijana sasa yuko kidato cha tatu; kama ratiba haikukupa darasa lake, mtafute wakati wa mapumziko umwombe aje awasomee wadogo zake safu ya pili.

Na ukimaliza wiki ya pili niandikie ni wanafunzi wangapi uliowasikia wakisema sentensi moja nzima ya Kiingereza kwa midomo yao. Hiyo ndiyo alama ninayotaka kuijua. Ile ya mtathmini utaniambia baadaye.